Nyongeza ya Paka

Mzee wa maziwa aliingia msibani amebeba tenga lenye mfuniko, watu wakabaki kumkodolea macho. Wengine walikuja na rambirambi. Yeye alikuja na tenga. Ndani yake alikuwa ametandika fulana kuukuu, na mfuniko alikuwa ameutoboa matundu ya kupitisha hewa.

Alikuja kumchukua paka.

Goti lilikuwa limemlaza kitandani wiki nzima, na habari za kifo alizipata asubuhi hiyo kwa jirani, marehemu akiwa keshazikwa. Mzee alilia palepale, ameshikilia baiskeli yake, wala hakuona haya. Mama aliyefariki ndiye alikuwa mteja wake wa mwisho.

Zamani mtaa mzima ulikuwa wake. Akipiga honi kule konani, milango inafunguka, akina mama wanatoka na sufuria, wengine mswaki ungali mdomoni, na umbea wa jana bado wa moto. Mkate ulikuwa na mtu wake wa kuuleta, mafuta ya taa nayo yalikuwa na wake, na wote hao walijua nyumba ipi ina mgeni na ipi ina mgonjwa. Au walidhani wanajua. Kisha yakaja maziwa ya pakiti, yakaja majokofu na mageti, na milango ikaanza kunyamaza. Mlango wa mama huyu haukunyamaza.

Nyongeza ilianza siku ya kwanza kabisa. Mzee alikuwa amekwisha kupima, lakini mama akabaki amekinga sufuria.

"Niongezee kidogo, baba."

"Ya nani tena hiyo, na wewe unakaa peke yako? Ya paka?"

Mama aligeuka kutazama ndani. "Eeh," alisema. "Ya paka."

Tangu hapo nyongeza ya paka haikukosekana, hata siku ambazo maziwa yenyewe yalikuwa ya kugombania. Na mzee, ambaye kwake utani ulikuwa nusu ya biashara, hakumpa paka huyo nafasi ya kupumua.

"Mvivu wako hajambo? Kakamata japo panya mmoja?"

"Hatoki nje, baba."

"Ndiyo maana panya wa mtaa huu wana vitambi! Na hazeeki?"

"Anakua tu."

Mama alicheka, ila kicheko chake kiliishia njiani. Kuna siku alitoka macho mekundu: hajalala, kifua kimembana mwenzake usiku kucha, maziwa kayanywa kwa kijiko. Siku hiyo mzee aliongeza kipimo bila kuombwa. "Sauti yako anaijua," mama alimwambia. "Akiisikia anafurahi." Maneno hayo yalimwingia mzee. Kwake, tangu mkewe afariki, hapakuwa na kiumbe aliyefurahi kumsikia.

Kwa hiyo leo tenga. Mama kaenda, paka asihangaike. Watazeeka pamoja.

Sebuleni, ndugu wa marehemu walikuwa wanafunga mizigo, maana nyumba ilikuwa ya kupanga. Hakuna aliyemkaribisha mzee. Walikuwa wanabishana.

"Mimi nina chumba kimoja, mnajua," alisema kaka wa marehemu.

"Na mimi mume wangu hatakubali kabisa," alisema mdogo wake, mwanamke mwenye kanga kichwani. "Si mnamjua alivyo?"

"Basi apelekwe huko wanakopelekwa."

"Huko watu wanatupa tu, kaka. Nani anarudi kuangalia?"

Mzee alisikia moyo unamuuma hasa. Mama wa watu kalea kwa kijiko, hawa wanarushiana kama mpira! Uvumilivu ukamwishia.

"Nitamchukua mimi!"

Wote wakageuka.

"Wewe ni nani?" aliuliza kaka.

"Mimi mtu wa maziwa. Msimtupe, nawaomba. Nakuja hapa mlangoni miaka yote, na namjua, japo hatujawahi kuonana. Mimi niko peke yangu, nafasi ninayo, na kula yake najua ni ndogo. Nipeni niondoke naye leo hii."

Kaka alikaa polepole juu ya begi lililofungwa. Yule mwanamke alimtazama mzee, akalitazama tenga.

"Utamweza?" aliuliza mwishowe.

"Ana nini cha kumshinda mtu?"

Mwanamke alimsogelea. "Dada alituambia mtaani hapa hajui mtu yeyote," alisema. "Alituapisha tusiseme." Machozi yakamtoka. Akaenda hadi kwenye mlango wa chumba cha ndani, akalisogeza pazia.

Mzee aliinama kwa shida juu ya goti lake bovu, akafunua tenga, akaanza kuita kwa upole wote aliokuwa nao: "Psi, psi, psi... Njoo, mvivu wangu. Njoo twende nyumbani."

Kitandani, binti mkubwa mwenye miguu isiyowahi kumsimamisha aligeuza kichwa kuifuata sauti, uso ukamchanua.

"Baba wa maziwa," alisema kwa ulimi mzito, "leo umeingia ndani."