Kokoto Nyekundu

Kokoto moja nyekundu ilinikodolea macho kutoka kwenye zege la ngazi mpya ya mjomba.

Asubuhi hiyo sisi wa kujitolea tulirudi kijitoni kukagua kokoto tulizowatandikia samaki aina ya trauti wapate pa kutagia. Baadhi tulizipaka rangi nyekundu, tujue mkondo unazisogeza umbali gani. Wiki iliyopita tuliona mayai ya kwanza. Leo tulikuta tope tupu.

"Mafuriko yamezoa kila kitu," alisema mjomba, mwenyekiti wetu, akinipangusa machozi. "Basi, mwanangu, basi."

Sasa alitokea mlangoni kwake na mwiko wa uashi mkononi.

"Karibu, mpwa wangu! Ila ruka ngazi, zege bado bichi."

Niliinama. Alama ya kidole changu ilikuwa bado kwenye ile rangi.

"Mjomba, hayo mafuriko yalipandaje mlima mpaka hapa kwako?"

Tabasamu likamkauka. Akapiga magoti, akachota zege, akaifunika kokoto taratibu, mimi nikiangalia.

"Kokoto zote zinafanana," alisema.

Buti langu lilikuwa bado linachuruzika maji ya kijito. Nikalitua katikati ya ngazi yake.