Salama ya Mzee

Basi bwana, siku ya usaili wa chuo cha udaktari, Tunu akasimamishwa mbele ya mzee aliyelala kitandani. Daktari mkuu akamwambia, "Dakika mbili. Tuambie anaumwa wapi. Ukishindwa, chuo basi."

"Shikamoo, babu. Umeamkaje?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Salama tu."

Daktari akacheka. "Haya, tuandike ni mzima?"

Jasho likamtoka binti wa watu. Lakini kila Jumamosi alikuwa akijitolea wodini, na wazee si unawajua, salama yao ina "ila" nyuma, na haiji ukiiharakisha. Akavuta kiti, akakaa, kimya. Daktari akatazama saa, akashika kalamu.

Mzee akamkazia macho Tunu, kisha mkono wake ukaanza kutambaa polepole chini ya shuka, ukatua ubavuni. "Salama, mjukuu wangu, ila hapa..."