Mtu Hapigi Hodi Kwake

Tangu nyumba za kale zianze kuongea, ile ya bibi yangu Namkunda hapa Usangi ina madaha kumshinda mwenyewe. Inahifadhiwa kama makumbusho, haikaliwi, na mlango haufunguki mpaka upige hodi. Ukipiga, unaandikwa mgeni, na mgeni hawezi tena kuidai nyumba. Majirani zetu wote walishaandikwa, kwa mazoea tu ya ulimi.

Jumamosi tuliiendea, mwendo wa dakika kumi kutoka tunakoishi sasa.

"Mke wangu," nikamtania bibi njiani, "leo ung'ate ulimi."

"Nyamaza, mume usiye na ndevu."

Tulipofika, nyumba ikasema kwa upole, "Tafadhali pigeni hodi."

"Mtu hapigi hodi kwake," bibi akajibu.

"Bila hodi siwezi kufungua."

"Basi usifungue."

Akatandika kanga kizingitini, akaketi, akaanza kumenya ndizi. Nyuma yetu wakaja watalii watano. Wa mbele alipofungua kinywa tu, bibi akamwahi.

"Karibu, baba. Karibuni nyote. Mwenye nyumba nipo."

Ameshakaribishwa, hodi ya nini tena? Wakashukuru, wakakaa majanini, wakapewa ndizi. Mpaka adhuhuri hakuna aliyepiga hodi, na nyumba haikuwa na wa kumwandika.

Ndipo ikaita kutoka ndani, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia. "Hodi, bibi?"

Bibi hakugeuza hata shingo.

"Subiri hukohuko," akasema. "Sijakukaribisha."