Mwendo wa Kuongea

Fundi cherehani na wifi yake, dada wa mumewe, walikwisha kuuzunguka uwanja mara mbili asubuhi hiyo, na fundi hakuwa amefunga mdomo. Mara wateja, mara vitambaa, mara paka wa jirani.

"Wifi, leo umemeza redio?" dada mtu aliuliza, akihema.

"Mkunga kasema mazoezi nisiache, ila nikimbie mwendo ninaoweza kuongea."

Neno lilikuwa limeshatoka. Fundi aliuma mdomo, masikio yakiwaka moto.

Wifi alisimama kama aliyegonga ukuta. Jasho lilining'inia kwenye ncha ya pua yake, wala hakulifuta.

"Mkunga? Baada ya miaka sita?"

"Wiki ya saba."

"Kaka anajua?"

"Bado. Nilitaka nimwambie leo, wakati wa chai."

"Mimi! Shangazi!" Kigelegele chake kiliwarusha njiwa wote uwanjani. Kisha yeye, ambaye kila siku huburutwa mazoezini kama mbuzi wa mnadani, akageuka na kutimua mbio kuelekea nyumbani.

"Wifi, ngoja! Habari hiyo ni yangu!"

Fundi alimfuata akicheka. Ng'ambo ya barabara, mumewe alikuwa amesimama mlangoni, mswaki mdomoni, akiwatazama wakija.