Nusu ya Kichwa

Kinyozi alikuwa amefika utosini, akimwandaa Akaliza kwa upasuaji wa ubongo, muuguzi alipomwita mama yake barazani.

"Kigali wamepiga simu, mama. Ile kitanda wamepatia mutu wa kulekule. Mungojee tena miezi tatu."

Miezi mitatu! Barua ya rufaa ya kumpeleka hospitali ya Kigali ilipoandikwa, mtoto alikuwa bado anaona ziwa lililo mbele ya nyumba yao. Sasa uvimbe ulikuwa umemzima macho yote mawili.

Mama akarudi ndani. Upande mmoja kipara, upande wa pili nywele zilizoota tangu Akaliza aache shule. Kinyozi alimtazama mama usoni, akazima mashine.

"Mama, mbona ameacha?" Akaliza akauliza.

"Anapumuzika. Ambulansi iko njiani."

Akamwashiria kinyozi aendelee. Naye akamalizia taratibu. Haraka ya nini tena?