Swali la Mzazi

"Usipige picha hata moja na hiyo simu," Musyimi aliandika haraka. "Kitu kipya kikiingia, ndipo cha zamani kinapotea kabisa. Kilichofutwa bado kimo ndani." Yeye mwenyewe alilijua hilo akiwa amechelewa.

Aliyekuwa akisaidiwa alijiita Mzazi. Hakutaja jina wala kwao, na Musyimi hakuuliza. Mtu mwenye shida ya simu huwa hana muda wa salamu ndefu. Mzazi alibaki na simu ya binti yake marehemu, imefutwa yote, na alitaka kitu kimoja tu: wimbo ambao binti alijirekodi akifanya mazoezi ya kwaya. Aliomba aisikie sauti hiyo hata mara moja, labda huu msiba utamwachilia.

Fufua ilikuwa programu ya bure ya kurudisha vilivyofutwa. Iliundwa na watu wa nchi mbalimbali wasiolipwa hata shilingi, na mwongozo wake wa Kiswahili aliuandika Musyimi, katika saiba yake, duka la intaneti, hapo Kambu, kando ya barabara kuu. Jina lake liko chini ya ukurasa wa kwanza. Kila aliyekwama aliuliza kwenye baraza la mradi mtandaoni, mbele ya wote, akajibiwa na yeye, na wenzake wa mbali walimsifu kwamba ana moyo.

Moyo! Wangejua. Tangu mkewe Ndunge atumbukie kisimani nyumbani kwao Kasikeu, Musyimi hakuweza kukaa mahali pa kimya. Kukitulia tu, alisikia ndoo ikigonga maji. Alihama boma, akapanga chumba pale ambapo malori hayalali, na bado ndoo ikamfuata. Iliacha tu wakati anapojibu shida za watu. Akajiambia kwamba huyu mzazi akipata sauti ya mwanawe, huenda na yeye akapata usingizi.

Siku ya mazishi alilia hadi wanaume wawili wakamshika. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Nuu, aliketi upande ule mwingine wa hema, uso ndani ya leso. Hawakusalimiana, na hakuna aliyeshangaa. Kwa Wakamba mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni, heshima ya kuepukana, na kila neno lao hupitia kwa mtu mwingine. Hao wawili waliishika vizuri tangu siku ya posa. Hata nguo za Ndunge na vitu vyake vyote vilirudishwa Nuu kwa mkono wa binamu.

Mzazi alikuwa mwepesi wa kushika mambo. Hatua kwa hatua alifuata mwongozo mpaka Fufua ikamtolea rekodi moja, lakini ilikuwa imeharibika na haikufunguka. Akauliza kama anaweza kumtumia Musyimi peke yake, maana ni mambo ya familia.

"Iweke tu hapa barazani, mzazi wangu," Musyimi alijibu. "Tukisaidiana pembeni, mwenye shida kama yako atajifunza wapi?"

Ndivyo mradi ulivyofanya kazi, na maneno hayo yalikuwa ndani ya mwongozo, kaandika mwenyewe. Mzazi akaiweka. Musyimi alipomaliza kumtolea mteja nakala ya kitambulisho, alikuta mwenzake mmoja wa ng'ambo ameshaitengeneza na kuirudisha barazani, na watu wanampongeza. Alifurahi kweli. Akavaa vipokea sauti, akabonyeza.

Mwanamke aliimba polepole, akirudia ubeti kila alipokosea. Kabla mstari wa pili haujaisha Musyimi alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Alikuwa ni Ndunge.

Wimbo ukakatika. Mwanamume akasema, karibu kabisa na simu: "Hebu inama zaidi, uone ndoo imekwama wapi." Kisha ukelele, kisha maji.

Musyimi alitafuta mahali pa kuiondolea ile rekodi. Chini yake swali jipya lilikuwa limeshaingia, na baraza zima lilikuwa likilisoma.

"Asante kwa kunifundisha, Musyimi. Nisaidie na hili la mwisho, mkwe wangu: huyo anayemwambia mwanangu ainame ni nani?"