Wimbo Uliobaki Msituni

Katika nchi ile ya misitu ya mvua, wimbo wowote atakaouimba mgeni ni mali ya msitu. Siku ya kuondoka wanakuvika kofia uwanja wa ndege, wanautoa kichwani mwako. Mimi na shoga zangu tulilijua hilo, tukala likizo yetu midomo tumeifunga.

Siku ya mwisho mvua ilitushika chini ya miti, nikaupakata mkoba wangu usilowe. Shoga yangu Bahiya akanitazama.

"We Mama Lulu, unaubembeleza mkoba?"

Kumbe nilikuwa naimba. Tena ule niliomtungia mwanangu, asiyelala bila huo.

"Utatunga mwingine, shoga," akasema. Hakucheka tena.

Nyumbani Lulu alinirukia, akajilaza mapajani, akangoja. Nikafumbua mdomo, hakuna kitu. Nikajaribu wa redioni, akageuza uso. Mwishowe akaanza mwenyewe, kwa ulimi wake mzito wa kitoto, wimbo mtamu ambao sijapata kuusikia.

"Nani kakufundisha, mama?"

Akanigusa mdomo kwa kidole.

Nikamwomba aurudie, upesi, maana macho yalishaanza kumlegea.